Kupima Gharama na Manufaa ya Programu za Darasani: Mwongozo kwa Shule za Msingi

Kila mwaka wa masomo unapoanza, walimu wakuu walioteuliwa karibuni na wajumbe wapya wa kamati za shule huuliza maswali yale yale. Je, tununue vitabu vya hadithi au tumlipe posho mwalimu wa kujitolea? Mfadhili ameahidi tableti, tuzipokee? Masomo ya ziada ya jioni yanasaidia kweli, au yanawachosha watoto tu? Mwongozo huu unakupa njia ya kuyajibu maswali hayo mwenyewe, kwa kalamu na daftari. Nimeulenga kwa shule ya msingi ya serikali nchini Tanzania, lakini mwalimu wa Kenya au Uganda anaweza kuutumia akibadili sarafu na majina ya ofisi.

Jambo moja nalisisitiza mapema, kwa kuwa ndilo linaloharibu hesabu nyingi: gharama kubwa ya programu za darasani haimo kwenye risiti. Imo katika saa za mwalimu na katika vipindi vya mwanafunzi. Shule inayohesabu fedha taslimu peke yake huona kitu cha bure mahali ambapo hakuna cha bure, na anayelipa ni mtoto ambaye kipindi chake cha hisabati kimegeuzwa kuwa kitu kingine.

Haja ya kupima ni kubwa kwa sababu fedha ni kidogo. Tangu ada ilipofutwa kuanzia Januari 2016, kufuatia Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, shule hutegemea ruzuku ya uendeshaji. Kiwango chake kilichozoeleka ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na kati ya hizo 4,000 zimekuwa zikibaki serikalini kwa ajili ya vitabu. Shule yenye wanafunzi 800, hata ikipokea yote iliyobaki, ina shilingi 4,800,000 kwa mwaka mzima, na humo humo mna chaki, mitihani, ukarabati mdogo na uendeshaji wa ofisi.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Kusanya vitu hivi kwanza, maana kuvitafuta katikati ya kikao ndiko kunakofanya kikao kivunjike:

- rejista za mahudhurio za mihula miwili iliyopita;
- ratiba ya shule inayotumika sasa, si ile iliyobandikwa ukutani na kusahauliwa;
- bei halisi za vitu, zilizoulizwa katika maduka matatu tofauti;
- makadirio ya mshahara wa wastani wa mwalimu wa shule yako (usitumie mshahara wa mtu fulani, kwa kuwa ni siri yake);
- kaunta buku moja itakayotumika kwa kazi hii tu, na kikokotoo cha simu;
- mwalimu wa taaluma, mwalimu mmoja wa madarasa ya chini na mzazi mmoja kutoka kwenye kamati.

Huyo mzazi asikosekane. Kuna gharama ambazo yeye peke yake anazijua.

Hatua

1. Andika tatizo kwa kutaja kile ambacho mtoto hawezi kukifanya. Usiandike "ufaulu uko chini" wala "watoto hawana ari". Andika, kwa mfano, "wanafunzi wa Darasa la Tatu hawawezi kusoma aya ya sentensi nne na kueleza inahusu nini." Tatizo likiandikwa hivyo, kila programu itakayoletwa mbele yako utaiuliza swali moja: itamfikishaje mtoto kwenye ile aya?

2. Pima hali ilivyo kabla hujatumia hata shilingi. Mpime mtoto mmoja mmoja, kwa sauti, mbali na wenzake; benchi chini ya mti linatosha. Mfuate kwa ngazi ambazo upimaji wa Uwezo, mpango unaowapima watoto kusoma na kuhesabu, umezizoesha Afrika Mashariki: herufi na silabi, maneno, aya, kisha hadithi fupi. Anza na aya. Akishindwa, rudi kwenye maneno. Akishindwa tena, rudi kwenye silabi. Andika ngazi ya juu kabisa aliyoiweza.

   Hapa pana mtego ambao wapimaji wapya huanguka ndani yake. Mtoto anaweza kukusomea "ba, be, bi, bo, bu" kwa mdundo mzuri bila kuitambua hata silabi moja, kwa sababu ameikariri nyimbo nzima. Funika mstari kwa karatasi, uache "bu" peke yake, kisha umwonyeshe "bi". Akinyamaza au akianza tena kuimba kutoka "ba", bado hajaijua. Wapo watoto wanaofika Darasa la Tatu wakiwa wamepita mitihani yote ya mdomo kwa njia hii, na walimu wao hawakuwa wazembe. Walikuwa na watoto 90 mbele yao.

3. Orodhesha njia angalau tatu, na ya kwanza iwe kuendelea kama mlivyo. Kuendelea kama mlivyo nako ni uamuzi wenye gharama na matokeo yake. Bila hiyo, programu yoyote itaonekana nzuri, kwa kuwa hakuna cha kuilinganisha nayo.

4. Andika gharama zote za kila njia. Hii ndiyo hatua ndefu kuliko zote, nawe usiiharakishe. Gawa ukurasa katika safu nne.

   Safu ya kwanza ni ya fedha taslimu: vifaa, posho, nauli, chakula cha semina, kurudufu karatasi. Kifaa kinachodumu zaidi ya mwaka mmoja, gawanya bei yake kwa miaka utakayokitumia, na uongeze matengenezo.

   Safu ya pili ni ya saa za walimu. Chukua mshahara wa wastani, ugawe kwa saa za kazi za mwezi. Kwa mfano, mshahara wa shilingi 700,000 ukigawanywa kwa saa 160 unakupa takriban shilingi 4,400 kwa saa. Serikali ndiyo inayolipa mshahara huo, na kwa sababu hiyo wengi huona kwamba haupaswi kuhesabiwa. Sikubaliani nao. Saa ambayo mwalimu anaitoa kwenye programu ni saa ambayo hasahihishi madaftari, haandai somo la kesho, au hapumziki, na kila kimoja kati ya hivyo kina athari darasani.

   Safu ya tatu ni ya vipindi vya wanafunzi. Andika waziwazi ni kipindi gani kitakachotolewa ili programu ipate nafasi. Ikiwa ni baada ya masomo, andika saa ambayo mtoto wa mbali kuliko wote atafika nyumbani, na umwangalie hasa mtoto wa kike ambaye njia yake inapita porini au kwenye mashamba ya miwa.

   Safu ya nne ni ya wazazi, na hapa ndipo mjumbe wenu anapohitajika: kuni za kupikia uji, madaftari ya ziada, mikono inayokosekana shambani msimu wa palizi, nauli ya daladala jioni ambapo makondakta huwakwepa wanafunzi.

   *Tahadhari:* mchango wa wazazi usiingizwe kwenye bajeti kana kwamba ni fedha ya uhakika. Ni wa hiari, una taratibu zake za vibali katika halmashauri, na mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu mzazi wake hakuchangia.

5. Taja manufaa kwa kipimo kile kile cha hatua ya kwanza. Ikiwa tatizo ni kusoma aya, manufaa ni idadi ya watoto waliopanda ngazi ya kusoma. Semina iliyofanyika si manufaa, wala vitabu vilivyogawiwa, wala picha za uzinduzi. Programu inaweza kufanikiwa sana katika jambo moja bila kugusa jingine: dawa za minyoo zilizotolewa katika shule 75 za Busia, magharibi mwa Kenya, kuanzia mwaka 1998 zilipunguza utoro kwa takriban robo, na hata watoto wa jirani ambao hawakuzimeza walinufaika kwa kuwa maambukizi yalipungua, lakini alama za mitihani wakati ule hazikupanda. Aliyetaka mahudhurio alipata alichokitaka kwa bei ndogo, na aliyetaka alama angesema programu imeshindwa.

6. Ondoa yale ambayo yangetokea hata bila programu. Watoto hukua, na baadhi yao watajua kusoma hata mkikaa kimya. Ikiwa mna mikondo miwili, anzeni na mmoja, mpime yote miwili mwanzoni na mwishoni, kisha mtoe tofauti. Ikiwa mkondo ni mmoja, tumieni rekodi za mwaka uliopita za darasa lile lile. Kura ya bahati nasibu, ikichezwa mbele ya wote, ndiyo inayofaa kuamua mkondo upi uanze, kwa sababu mwalimu akichagua atachagua mkondo wenye bidii, na bidii hiyo itahesabiwa kuwa kazi ya programu.

   Hatua hii wengi huiruka, nami naiona kuwa ndiyo inayotenganisha hesabu na matumaini. Chati kubwa za kufundishia zilichunguzwa katika shule za magharibi mwa Kenya kwa njia mbili. Shule zilizokuwa na chati zilipolinganishwa tu na zisizokuwa nazo, chati zilionekana kuongeza alama kwa kiasi kikubwa. Zilipogawiwa kwa bahati nasibu, athari yake ilikuwa karibu na sifuri. Shule zenye chati zilikuwa tayari zina mengine mazuri.

7. Gawanya gharama kwa idadi ya watoto waliopiga hatua kwa sababu ya programu. Tuchukue shule ya kubuni yenye wanafunzi 96 wa Darasa la Tatu. Upimaji unaonyesha kwamba 38 hawawezi kusoma neno, 30 wanasoma maneno lakini si aya, na 28 wanasoma aya au zaidi. Shule inataka kuwasaidia wale 68 wa makundi mawili ya kwanza.

   Njia ya kwanza ni kuwapanga kwa ngazi zao za kusoma, saa moja kwa siku, siku nne kwa wiki, kwa wiki 12. Posho ya vijana wawili wa kujitolea ni shilingi 360,000, manila, kadi na vitabu vya hadithi ni 180,000, na semina ya siku mbili ni 120,000. Jumla ya fedha taslimu ni 660,000. Walimu watatu wanatoa saa 144 kwa jumla, zenye thamani ya 633,600. Gharama yote ni 1,293,600. Tuseme watoto 34 wanapanda ngazi, lakini rekodi za mwaka uliopita zinaonyesha kwamba 12 wangepanda hata hivyo. Waliobaki ni 22. Gawanya, nawe utapata shilingi 58,800 kwa kila mtoto aliyepiga hatua.

   Njia ya pili ni tableti 10. Kwa shilingi 350,000 kila moja, pamoja na umeme wa jua wa shilingi 900,000, vyote vikitumika miaka mitatu, mwaka mmoja unabeba 1,466,667. Ongeza matengenezo na mafunzo ya 400,000, na saa 72 za mwalimu zenye thamani ya 316,800. Jumla ni takriban 2,183,000 kwa mwaka. Hujui bado ni watoto wangapi watakaopiga hatua, wala huhitaji kubashiri. Gawanya gharama hiyo kwa 58,800: tableti zitalingana na njia ya kwanza iwapo tu zitawainua watoto 38 kati ya 68 zaidi ya wale ambao wangepanda wenyewe. Swali hilo mpelekee anayeziuza, na umwombe ushahidi wa shule inayofanana na yako.

   Je, zikiwa za msaada? Bei ya tableti na ya umeme ni mambo mawili. Ikiwa mfadhili anatoa tableti tu, bado mnabaki na 1,016,800 kwa mwaka, na mtahitaji watoto 18 wa ziada ili kulingana. Inawezekana kabisa. Kwa hiyo msaada usikataliwe kwa ukaidi, ila usipokelewe pia kama kitu kisicho na gharama.

8. Angalia ni nani anayenufaika. Wastani huficha watoto. Vitabu vya kiada vilivyogawiwa katika shule za Busia miaka ya 1990 viliwasaidia wanafunzi waliokuwa tayari mbele, na wengine havikuwafaa, kwa kuwa viliandikwa kwa Kiingereza, lugha ya tatu kwa wengi wao, na walikuwa hawawezi kuvisoma. Kwa upande mwingine, jaribio la shule 121 za magharibi mwa Kenya lililoanza mwaka 2005, ambamo kila shule ilipewa mwalimu wa ziada, lilionyesha kwamba kuwagawa wanafunzi wa Darasa la Kwanza kwa kiwango chao kuliwanufaisha walio juu na walio chini. Andika manufaa ya kila kundi peke yake: wasiojua neno, wanaojua maneno, wasichana, wenye ulemavu, wanaotoka mbali.

   Maoni yangu hapa ni ya wazi. Programu mbili zikikaribiana kwa bei, chagua ile inayomgusa mtoto asiyeweza kusoma neno, hata kama ile nyingine itawapendeza zaidi wageni siku ya mahafali.

9. Rudia hesabu kwa makadirio mabaya. Punguza manufaa kwa nusu. Katika mfano wetu watoto 22 wanakuwa 11, na bei kwa mtoto inapanda hadi 117,600. Ikiwa hata hapo njia hiyo bado inazishinda nyingine, endelea nayo kwa utulivu. Ikiwa uamuzi unageuka, anza kwa darasa moja na muhula mmoja.

10. Andika uamuzi, sababu zake na tarehe ya kupima tena. Ukurasa mmoja unatosha. Usomwe kwenye mkutano wa wazazi, na nakala yake apewe Afisa Elimu Kata. Tarehe ya kupima iwekwe kabla programu haijaanza, pamoja na kiwango ambacho, ikiwa hakikufikiwa, programu itasimamishwa. Mkiisubiri programu ianze ndipo muweke kiwango, mtakuwa mmekwisha kuipenda.

Mambo yakikwama

*Nambari za mwisho zimeshuka chini ya za mwanzo.* Angalia kwanza nani alipima. Mwalimu akiwapima watoto wake mwenyewe mwanzoni huwa mpole, na mwenzake akiwapima watoto hao mwishoni huwa mkali. Mpime tena watoto kumi kwa mpimaji mmoja, ukitumia aya mpya. Ikiwa kweli wameshuka, tazama mahudhurio ya wiki za mvua.

*Watoto wamehama au ni watoro.* Usiwaondoe kimyakimya kwenye hesabu. Watoro mara nyingi ndio walio nyuma, na ukiwaondoa, matokeo yatapanda bila mtu kujifunza chochote. Toa takwimu mbili: ya wote walioandikishwa na ya waliokuwapo mwishoni.

*Mwalimu aliyeiendesha programu amehamishwa.* Hili hutokea kila mwaka, hivyo lihesabiwe mapema kama gharama. Weka walimu wawili wanaoijua kazi, na uongeze siku moja ya mafunzo ya mrithi kwenye safu ya kwanza. Programu inayokufa mtu mmoja akihama ilikuwa na bei kubwa kuliko iliyoandikwa.

*Fedha zimechelewa, programu imeanza wiki sita baadaye.* Gharama za muda zimekwisha kutumika, ila manufaa yamebanwa. Usilinganishe matokeo ya wiki sita na lengo la wiki 12. Hesabu wiki zilizofanyika kweli, na uandike sababu ya kuchelewa.

*Mfadhili hataki kusema bei ya vifaa vyake.* Tafuta bei ya sokoni ya kifaa kinachofanana nacho, uandike kwamba ni makadirio, kisha uendelee. Ila muulize kwa maandishi ni nani atakayelipia matengenezo baada ya mkataba kwisha. Akikwepa swali hilo, weka gharama hiyo yote kwa shule.

*Programu mbili zimeanza kwa pamoja, haijulikani ipi iliyosaidia.* Kwa muhula huo zihesabu kama programu moja: jumlisha gharama zote na manufaa yote. Wakati mwingine huo ndio ukweli wenyewe. Katika utafiti wa KiuFunza, uliofanyika mwaka 2013 na 2014 katika shule 350 za Tanzania Bara, ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi ikitolewa peke yake haikuinua matokeo, lakini ilipounganishwa na motisha kwa walimu kulingana na watoto waliofaulu, matokeo yalipanda kuliko jumla ya vitu hivyo vikitolewa kimoja kimoja. Muhula unaofuata, acheni mkondo mmoja ubaki na programu moja tu, ndipo mtakapoweza kuzitenganisha.

*Walimu wanalalamika kwamba upimaji wenyewe unakula muda.* Wana haki. Kumpima mtoto mmoja kwa uangalifu huchukua kama dakika tano, kwa hiyo watoto 96 ni saa nane, mara mbili kwa programu. Ziongeze saa hizo 16 kwenye safu ya pili kama gharama nyingine yoyote; kwa bei ya mfano wetu ni shilingi 70,400. Zikionekana nyingi mno, pima watoto 32 waliochaguliwa kwa kuhesabu kila wa tatu kwenye rejista, na majina hayo hayo yapimwe tena mwishoni.